Mwaka wa Kumkalia Fundi

Habari ya kufariki kwa Fundi Mshamu ilitufikia Ijumaa moja mchana, sote tumekaa mkekani tunakula pilau. Zuu, mdogo wangu, ndiye aliyeisoma kwenye simu: amefia kwao Lindi, amezikwa jana yake. Baba akasema inna lillahi, kisha akauliza, "Nani kaandika? Una hakika ni Mshamu huyu wa pikipiki?" Baba anauza mabegi, na kila kitu anakipokea kama anavyopokea begi kutoka kwa msambazaji, anafungua zipu zote kwanza, hata kifo. Zuu aliacha kula. Mimi niliendelea, kwa sababu ningeacha wangeniuliza, na kuulizwa sipendi. Baadaye niliingia chumbani nikatoa kaunta buku la kwaya mbili, daftari langu nene lililokuwa chini ya godoro, nikasoma yote niliyoandika mwaka nilipomkalia fundi huyo, mpaka alasiri. Nina miaka kumi na tisa sasa. Aliyeandika kaunta buku lile alikuwa na kumi na sita, na nilipokuwa namsoma kuna mahali nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilisubiri matokeo, yakatoka, nikasubiri kupangiwa shule, na katika kusubiri huko nyumba nzima iliniona kama mtu asiye na kazi. Mwaka huohuo Baba alikuwa amepata vipikipiki viwili vya mtumba vilivyoshuka bandarini kutoka Japani, vimefungwa kamba katikati ya majokofu na baiskeli za wazee. Kila kimoja kilinifika kiunoni. Havikuwa vya kuchezea. Vilikuwa na gia, breki, injini ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, na vilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa huko kujifunza mbio za barabarani. Kimoja injini yake ilikuwa nzima ila fremu imepinda. Kingine fremu ilinyooka ila injini ilikuwa imeoza kama jino. Baba alitaka mtu avifungue vyote viwili amtolee kimoja, kwa ajili ya Zuu, ambaye alikuwa na miaka tisa na alishatangaza nyumbani kwamba hataki kitu kingine duniani. Kuna yadi ya lami nje kidogo ya mji, Barabara ya Pugu, ambako Jumapili asubuhi wazazi walipanga matairi chakavu kuwa kona na watoto wakashindana. Zuu alikuwa amepelekwa mara moja kuangalia, akarudi haongei, amefumba mkono wa kulia kama ameshika mpini wa mafuta. Usiku alilala hivyohivyo.

Fundi wa vitu hivyo alikuwa mmoja tu aliyesifiwa, Mshamu, uani kwenye nyumba ya zamani ya chini iliyobanwa na maghorofa pande tatu, hatua chache kutoka maduka ya spea. Nyumba zote jirani zilishavunjwa, na watu walisema hiyo nayo haina muda. Baba alipokwenda kumwona, alikuta vipikipiki vingine vitatu vya aina ileile, vya watoto wengine, vimefunguliwa sakafuni. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi. Alirudi nyumbani akasema mbele ya Mama, "Spea zote zinafanana. Akitoa pistoni nzuri ya Zuu akaiweka kwa mtoto wa tajiri, nani atajua?" Mama akamjibu, "Si ukamkalie." Baba akaniangalia mimi.

Mtu wa hapa mjini hahitaji kuelezwa kumkalia fundi ni nini. Chombo hakiachwi peke yake. Ukikiacha, unarudi unakikuta kimepona, kinang'aa, na baada ya mwezi unagundua kwamba kilichokuwa ndani si chako. Kwa hiyo mtu anakaa. Anakaa tangu boliti ya kwanza inafunguliwa mpaka ya mwisho inafungwa, na fundi naye hakasiriki, au hasemi kama amekasirika. "Wewe kazi yako macho," Baba aliniambia. "Na uandike. Nani atakushuku wewe? Kuongea kwenyewe huongei." Hilo lilikuwa kweli. Darasani walimu walikuwa wanasahau kuniita. Nilikwenda na kaunta buku langu, lile ambalo siku zote niliandika mambo yangu ya siri, na kuanzia siku hiyo mambo ya siri yakachanganyika na boliti.

Uani kulikuwa na giza la saa za mchana, lile giza la nyumba iliyozungukwa na maghorofa. Kulinuka petroli, sabuni ya unga, na vitunguu, maana Mama Chiku alipikia palepale kwenye kibaraza, wali maharage na mihogo ya kukaanga, na mafundi wote wa mtaa walikula kwake. Fundi Mshamu alikuwa mwembamba, mzee kuliko nilivyotarajia, miwani imefungwa kwa uzi. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama?" Sikujibu. Akaliona daftari. "Ahaa," akamwambia Mama Chiku, "leo nimeletewa karani." Mama Chiku akacheka. "Muulize basi kama karani anakula." "Karani unakula?" Nikatikisa kichwa kukataa, kisha nikaletewa sahani, nikala yote nimeinamisha uso. Nimeandika siku hiyo: Saa nne kasoro, amefungua kichwa cha injini. Saa nne na robo, ametoa silinda. Ameitazama sana. Amesema "duh". Kwa nini amesema duh?

Ndivyo lilivyo daftari lote. Kila alichofanya niliweka alama ya kuuliza mbele yake. Akipiga mluzi, kwa nini ana raha? Akinyamaza, anapanga nini? Siku ya nne alizungumza na simu akiwa amesimama karibu na pipa la maji, na nilimsikia wazi: "Ile ya mtoto wa hapa Kariakoo bado mpya kabisa ndani. Nakuja nayo kesho." Nimeliandika neno kwa neno na kulipigia mistari miwili. Niliporudi nyumbani sikumwambia Baba, na hili nataka nilikiri kama lilivyo: sikuficha kwa kumwonea huruma fundi. Nilificha kwa sababu nilitaka kumkamata mwenyewe. Mtu aliyekaa miaka kumi na sita bila kusema jambo la maana alikuwa sasa ana jambo.

Asubuhi iliyofuata nilichukua rangi ya kucha ya Mama, ile nyekundu, nikaitia mfukoni. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri na Mama Chiku ameinamia sufuria zake, nilichutama mbele ya sinia la bati ambamo vipande vya injini yetu vilikuwa vimepangwa, nikaviwekea alama kimoja kimoja. Tone ubavuni mwa silinda. Tone ndani ya tumbo la pistoni. Tone kwenye kila kipande cha kabureta. Kipande kimoja kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, cha shaba, chenye tundu la ncha ya sindano katikati. Mafundi wanakiita jeti, na petroli yote ya injini hupita hapo. Nilikuwa sijui hayo. Tone lilikuwa kubwa kuliko chenyewe, likakifunika kichwa chote, nikalifuta harakaharaka kwa pembe ya mtandio, ikabaki nyekundu kidogo tu pembeni. Nikaona safi. Nikaandika: vipande kumi na vinne.

Fundi aliporudi alivaa miwani, akainama juu ya sinia, akakaa hivyo muda mrefu kidogo. "Mama Chiku," akasema bila kugeuka, "siku hizi mpaka spea zinapakwa hina." "Kuna harusi hapo?" "Nadhani. Ila bwana harusi simjui." Hakuniangalia. Akaifunga silinda kwenye kitambaa, akaondoka nayo, akarudi nayo alasiri. Tone langu lilikuwepo palepale. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiambia kwamba rangi nyekundu ya kucha inauzwa kila kona ya Kariakoo, na kwamba mzee huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Baada ya siku chache alivifunga vipande vyote. Nilikuwa nimemkazia macho kuliko siku yoyote, maana kufunga ndiko kwenye hila. Kitu kikishaingia ndani hakuna anayekiona. Kipikipiki kikawaka kwa teke la tatu. Zuu aliletwa, akakalishwa, miguu ikafika chini. Fundi alimshika mabega akamwambia kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu mzima, "Huyu anataka kusikilizwa. Akibadilisha sauti, achia mafuta, shika klachi. Usibishane naye." Zuu akasema, "Sawa, babu." Nikaandika: anamwandaa mtoto kwa nini? Anajua nini?

Jumapili ya kwanza Zuu alizunguka polepole, mazoezi tu, akarudi anacheka. Jumapili ya pili zilikuwa mbio zenyewe, watoto sita, mmoja wao Irene, ambaye chombo chake nacho kilitengenezwa na Mshamu. Sijui mambo ya mbio hata leo, ila nakumbuka jinsi mdogo wangu alivyolala juu ya tangi kwenye ule upande mrefu wa yadi, kofia ngumu kubwa kuliko mabega yake, na jinsi sauti ya injini yake ilivyokuwa nyembamba, nyembamba zaidi, kisha ikakatika. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Likaburuzika kidogo, likaandika mstari mweusi, na Zuu akarushwa pembeni akaangukia mkono. Hakulia mpaka Mama alipomfikia. Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, na paja likachubuka toka juu mpaka goti. Wakati daktari anamfunga plasta, Zuu aliniambia, "Dada, ilibadilisha sauti. Niliisikia. Nilitaka kumpita Irene kwanza."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kile cha hospitali, amelishika helmeti kama bakuli. Alisema jambo moja tu: "Amebadilisha pistoni."

Jumatatu asubuhi tulikwenda uani, Baba, mimi, na kipikipiki ndani ya guta la magurudumu matatu. Kulikuwa na watu, kama ilivyo asubuhi, mafundi wanakunywa chai, na wazazi wawili watatu wa wale watoto wengine waliokuja kuangalia vyombo vyao. Habari ya Zuu walikuwa nayo. Fundi Mshamu alisimama. "Mtoto anaendeleaje?" "Usiniulize mtoto," Baba akasema. Akanigeukia. "Soma." Nilikuwa sijawahi kusoma kitu mbele ya watu tangu darasa la tano. Nilisoma. Nilisoma saa na dakika, nilisoma duh, nilisoma maneno ya simu yenye mistari miwili. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine, na nakiri kwamba mahali fulani katikati nilianza kuipenda. Watu walikuwa wameacha chai. Walikuwa wananisikiliza mimi.

"Nilimpelekea mchonga vyuma wa Gerezani silinda aipime," fundi akasema nilipomaliza. "Nilimwambia ni mpya ndani, maana ni mpya. Akapima, akanirudishia. Haikutaka kuchongwa." Kisha akachukua spana, akakaa chini, akaifungua injini mbele ya watu wote. Pistoni ilitoka kwa kupigwapigwa, imekwaruzwa pande zote mbili kama imetafunwa. Akaigeuza tumbo juu. Tone langu lilikuwepo, limeungua likawa kahawia. "Karani," akasema, "hii ndiyo uliyoiwekea alama?" Nikaitikia kwa kichwa. Silinda ile. Ringi zilezile. Baba akasema, "Basi ni oili." "Oili umechanganya mwenyewe, bwana." Ndipo fundi akafungua kabureta, akatoa jeti, akaiinua hewani, akafumba jicho moja. Akaishusha. Akaigusa kwa ukucha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniangalia moja kwa moja, na nikaelewa kila kitu kabla hajafungua mdomo.

"Jeti imeziba," akasema. "Petroli haikuwa inatosha, injini ikapata joto, ikashika, pistoni ikaganda." "Imeziba na nini?" "Uchafu." "Na kabureta nani aliisafisha?" "Mimi." Baba akawageukia wale wazazi wengine akafungua mikono yake miwili, kama anawaonyesha kitambaa. Hakuwa na haja ya kusema zaidi, lakini alisema, na mchana ule alisema dukani, na kesho yake alisema msikitini, mpaka maneno yakawa yanarudi nyumbani kwetu yenyewe yamenenepa. Wiki haikuisha, wawili kati ya wazazi wale walikuwa wameshaondoa vyombo vyao.

Mimi nilikaa siku tatu bila kuandika kitu. Na hata katika siku hizo, nasikia aibu kusema, sikuwa nawaza ubaya wangu tu. Nilikuwa nawaza: kwa nini amenifichia? Anataka nini kwetu? Wema wake niliushuku kama nilivyoishuku simu yake. Siku ya nne nilikwenda uani kumuuliza. Nilimkuta anakula mihogo, pamepwaya, kipikipiki kimebaki kimoja, cha yule Irene, kilichorudishwa kukaguliwa baada ya mbio. Nilisimama mpaka Mama Chiku akasema, "Huyu leo kaja bila daftari." Nikamuuliza fundi kwa nini hakusema.

Alimaliza kutafuna. "Ningesema nini? Kabureta nilifunga mimi. Jeti haifungwi mpaka uipulize, halafu uende nayo mlangoni kwenye mwanga uone tundu. Miaka yote nafanya hivyo. Siku ile nimeishika, nataka kusimama niende nayo, nakuona umenitolea macho hivi. Nikajisemea, nikimpa mgongo huyu mtoto, ataandika nimebadilisha. Nikaipuliza tu palepale nilipokaa, nikafunga." Akafuta vidole kwenye gazeti. "Nimekuwa fundi muda mrefu, sijawahi kumwogopa mtu mzima. Nikakuogopa wewe. Kosa hilo langu, au lako?" Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui.

Jioni hiyo tulikula ugali na vibua vya Feri. Zuu alikuwa analishwa na Mama kwa sababu ya plasta. Nilisema nikiwa nimeangalia sahani: rangi ya kucha, sinia, tundu, mtandio. Nilisema yote, nadhani kwa mara ya kwanza maishani nilisema sentensi zaidi ya kumi mfululizo ndani ya nyumba ile. Mama aliacha tonge hewani. Zuu akasema, "Kumbe." Baba alichambua mwiba kwenye samaki wake, akauweka pembeni taratibu, akaniuliza, "Amekutuma?" Nikasema hapana. "Ulikwenda kwake leo. Nimeambiwa. Sasa umerudi na maneno haya. Amekutuma useme?" Nilitaka kujibu, na sikupata neno. Aliponiona nimenyamaza, alitikisa kichwa kama mtu aliyepata uthibitisho. Hakuwahi kuniamini tena kuhusu jambo lile, na nadhani Ijumaa ile ya pilau alikuwa bado hajaniamini. Nilijua sasa mtu anajisikiaje upande wa pili wa daftari.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilitoka kabla ya chai. Nilipofika uani, mama yake Irene alikuwa amesimama pale, mwanamke mrefu wa ofisini Posta, kiatu cha kisigino juu ya sakafu ya oili, na kipikipiki cha mwisho kilikuwa tayari kwenye guta. Mtu wa guta alikuwa anakaza kamba. Fundi Mshamu alikuwa anamsaidia kuishika. Hakuna aliyenigeukia. Nikasema, "Shikamoo mama, ni mimi niliyeziba." Sauti ilitoka kama ya paka. "Umesemaje?" Nikarudia, nikakosea mpangilio, nikaanza na mtandio kabla ya rangi, nikasema jeti mahali pa kusema pistoni, nikarudi nyuma, nikakwama. Fundi alisema kwa upole, "Acha, mwanangu," na mimi sikuacha. Nilipofika mwisho, mama yake Irene alimtazama fundi, akanitazama mimi, macho yake yamekuwa membamba kabisa.

"Wewe si ndiye uliyesoma Jumatatu?"

"Ndimi."

"Jumatatu ulisoma vizuri, umenyooka. Leo unababaika. Huyu mzee amekutuma?"

Lilikuwa swali lilelile la Baba, na safari hii jibu lilikuja lenyewe, sijui lilikuwa limekaa wapi usiku mzima. "Angetaka kutuma mtu," nikasema, "angemtuma anayejua kuongea."

Mama Chiku alicheka huko kwenye sufuria zake, akajizuia kwa mkono. Mama yake Irene hakucheka. Aliendelea kunitazama, kutoka mtandio mpaka kandambili, bila haraka. Kisha akamgonga begani mtu wa guta.

"Fungua kamba," akamwambia. "Kishushe."